Kalamu za Unyanyembe

Tarehe 1 Mei 1872, katika tembe moja la Kwihara, jirani na mji wa Tabora wa leo, David Livingstone alimaliza barua ndefu kwa gazeti la New York Herald. Mwaka mmoja baadaye, siku kama hiyo, alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Maneno machache ya barua ile, yenye kulaani biashara ya utumwa, yalichongwa kwenye jiwe la kaburi lake ndani ya kanisa la Westminster jijini London. Wanaoyasoma pale ni wengi, lakini wanaojua kwamba yaliandikwa Unyanyembe, nchi ilipo Kwihara, ni wachache. Mkasa huo haukuipata barua hiyo peke yake. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Mgunda Mkali, ikatua Tabora na kuteremka hadi Ujiji, imetokana na maandishi ya watu binafsi: daftari, barua, orodha za mizigo, kumbukumbu za uzeeni. Yaliandikwa njiani, yakapelekwa mbali, yakapitia mikono ya wahariri, yakachapwa, kisha yakawekwa kando. Baadhi yake yamefunguliwa tena katika miaka ya karibuni. Ninachotetea hapa ni kwamba maandishi hayo yanapofunguliwa hayaji kuthibitisha tu hadithi tuliyokwisha kuizoea. Huibadilisha, na huibadilisha zaidi pale tunaporudi kwenye karatasi ya kwanza, iliyoandikwa kabla mwenyewe hajajua mambo yataishaje na kabla mwingine hajaisahihisha.

Tabora ya karne ya 19 inakumbukwa kama soko la pembe na watu. Ndivyo ilivyokuwa, lakini ilikuwa pia mji wa karatasi. Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa wakati huo, Novemba 1857, walipokewa na wafanyabiashara waliokuwa na hesabu zao, mawakili wao pwani na madeni yao Unguja. Msafara wa pembe uliendeshwa kwa mkopo: Banyani, mfanyabiashara wa Kihindi, alitoa nguo za merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba, mkopaji akaandikisha deni, na hesabu ilifungwa pembe zilipofika pwani, pengine baada ya miaka kadhaa. Biashara ya namna hiyo haiendi kwa maneno matupu. Barua za herufi za Kiarabu, nyingine kwa Kiarabu na nyingine kwa Kiswahili, zilisafiri pamoja na mizigo. Watemi nao hawakuwa mbali na kalamu. Mirambo wa Urambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871, aliandikiana na John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Unguja. Tena karatasi ilipatwa na misukosuko ile ile iliyompata mpagazi. Mfuko wa barua za Livingstone uliotoka Unguja Novemba 1870 ulikwama Unyanyembe, na Henry Stanley aliukuta hapo alipofika mwaka uliofuata. Aliubeba hadi Ujiji, na Livingstone akazisoma barua zake baada ya mwaka mzima tangu zitoke Unguja.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa tofauti kati ya karatasi ya kwanza na nakala safi ulianzia ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, lakini unabeba jina la Unyanyembe. Akiwa Manyema, Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Alichukua kurasa za gazeti la The Standard la London, toleo la 1869, akaandika juu ya maandishi ya chapa kwa wino uliokamuliwa kutoka mbegu za mmea wa huko. Ni katika kurasa hizo alipoandika habari za soko la Nyangwe, kwenye ukingo wa mto Lualaba, tarehe 15 Julai 1871, siku watu wa wafanyabiashara walipoufyatulia risasi umati uliokuwa ukinunua na kuuza, wengi wao wanawake. Makadirio aliyoyasikia yalikuwa kati ya watu 330 na 400 waliokufa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Baada ya hapo alirudi Ujiji, Stanley akamkuta, na wote wawili wakafika Kwihara Februari 1872. Yale aliyoyaandika Manyema kwenye vipande vya gazeti aliyanakili kwa mwandiko mzuri katika kitabu kikubwa, akakitia lakiri na kumkabidhi Stanley, aliyeondoka Kwihara tarehe 14 Machi. Watafiti hukiita kitabu hicho Shajara ya Unyanyembe. Horace Waller alikitumia alipotayarisha toleo la shajara za mwisho za Livingstone lililochapwa 1874, na kwa zaidi ya karne moja dunia ilisoma nakala hiyo safi, huku vipande vya gazeti vikizidi kufifia.

Wino wa mbegu ulikuwa umepauka hata maneno mengi hayakusomeka tena, na pale yalipobaki, chapa ya gazeti iliyaziba. Mwaka 2010 kundi la wataalamu likiongozwa na Adrian Wisnicki lilizipiga picha kurasa hizo kwa mianga ya aina mbalimbali, ikiwemo ile isiyoonekana kwa jicho la mtu. Kwa kuwa wino wa mmea na wino wa kiwandani huupokea mwanga kwa namna tofauti, kompyuta iliweza kutenganisha mmoja na mwingine, na mwandiko ukajitokeza. Matokeo yalitolewa Novemba 2011. Kilichoonekana ni kwamba Livingstone wa kwenye gazeti si yule yule wa kwenye kitabu. Kwenye kurasa za kwanza analalamika kwa uchungu kuhusu watu wake mwenyewe, wale watumwa wa Mabanyani waliotumwa na Kirk kutoka Unguja, na kuna sehemu zinazofanya msomaji ajiulize kama baadhi yao hawakuhusika na ukatili wa siku zile. Alipokuwa akinakili, sehemu za namna hiyo zilipunguzwa au kupangwa upya, na lawama ikabaki kwa wengine. Wasomi hao hawakutoa hukumu, na mimi sitoi. Walichokitoa ni swali ambalo nakala safi ilikuwa imelifunga.

Msomaji makini atapinga mara moja: nani alisema mwandiko wa haraka ni wa kweli kuliko wa utulivu? Mtu mwenye njaa na hasira, akiwa mgonjwa katika nchi asiyoijua, huweza kuwasingizia wenzake, na akipata kupumzika akajirudi na kuandika kwa haki. Pingamizi hili lina uzito, na sidai kwamba karatasi ya kwanza ina ukweli wote. Ninachodai ni kwamba nakala mbili zikiwekwa pamoja hutoa ushahidi ambao hakuna hata moja inayoutoa peke yake. Badiliko lenyewe ni ushahidi. Anapofuta sentensi, mwandishi anatuambia ni jambo gani aliliogopa au alilionea haya, na mbele ya nani. Stanley ametuachia funzo kama hilo kwa njia nyingine: katika shajara yake, kurasa za siku alipokutana na Livingstone Ujiji zimechanwa, na Tim Jeal, aliyeandika maisha yake mwaka 2007, aliona humo sababu ya kutilia shaka kama ile salamu maarufu ya “Dr. Livingstone, I presume?” ilitamkwa kweli au ilibuniwa baadaye. Salamu hiyo imechapwa na kurudiwa kwa zaidi ya karne moja, nasi tunalazimika kuiuliza kwa sababu ya kurasa ambazo hazipo.

Faida kubwa zaidi ya maandishi ya siku kwa siku ni kwamba hayachagui. Kitabu cha safari huchagua vita, milima, wafalme na ugunduzi. Shajara ya mtu aliyekwama mahali pamoja huandika kinachopita mbele ya mlango. Tangu Machi hadi tarehe 25 Agosti 1872 Livingstone alikaa Kwihara akiwasubiri watu ambao Stanley angewaajiri na kuwatuma kutoka Unguja, na kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, aliandika yaliyokuwepo. Anasimulia jinsi watoto walivyotengeneza bunduki za mchezo kwa matete, zenye mtambo wa kufyatulia na majivu ya kutoa moshi, na nyingine za udongo zenye mitutu miwili. Sihitaji kumweleza mtu wa Tabora uzito wa habari hiyo. Vita vya Mirambo vilikuwa vikiendelea, kelele za bunduki zilisikika hadi kwenye mitaa ya Waarabu, na watoto wa Unyanyembe walikuwa wakiyacheza waliyoyaona kwa wakubwa. Vitabu vya vita hutupa idadi ya askari na majina ya majemadari waliouawa, lakini bunduki ya tete iko kwenye shajara tu.

Ndani ya kurasa hizo hizo wamo pia wanawake wa msafara, ambao hadithi ya kawaida ya njia ya misafara imewaacha nje kabisa, kana kwamba njia ile ilikanyagwa na wanaume peke yao. Yumo Halima, mpishi, ambaye siku moja aligombana na mwenzake akaondoka kwa hasira, kisha akarudi mwenyewe. Livingstone, ambaye alijua vyema kwamba bila mpishi huyo angepata taabu, anaahidi kwamba wakifika Unguja atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba na bustani. Yumo Ntaoeka, ambaye Livingstone alitaka aolewe na mmoja wa watumishi wake watatu. Mwanamke yule alilipokea wazo hilo kwa tabasamu tu mwanzoni, na mwishowe akawa mke wa mmoja wao, Chuma. Haya ni mambo madogo kwa mwenye kutafuta chanzo cha mto Nile. Kwa anayeuliza msafara ulikuwa nini hasa, ni mambo makubwa, kwa maana yanaonyesha kwamba msafara ulikuwa jumuiya inayotembea, yenye ndoa, ugomvi, ahadi na madai, ambamo mwanamke aliweza kukasirika, kuondoka na kurudi kwa hiari yake.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi la pili, zito kuliko la kwanza. Hata tukirudi kwenye karatasi ya kwanza, kalamu bado ni ya Mzungu. Halima hakuandika, Ntaoeka hakuandika, na mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe begani hakuandika. Je, kufukua shajara za wageni si kuwarudishia wageni usukani wa historia yetu? Jibu langu ni kwamba pingamizi hili linakubali bila kuchunguza dhana kwamba katika msafara ule hakukuwa na Mwafrika mwenye kalamu. Walikuwepo. Kati ya watu zaidi ya 50 waliotumwa na Stanley na kufika Kwihara Agosti 1872, walikuwemo vijana waliokulia Nassick, shule ya watumwa waliookolewa, karibu na Bombay nchini India. Mmoja wao alikuwa Jacob Wainwright, Myao kwa asili, mwingine Carus Farrar, mwingine Matthew Wellington aliyeishi Mombasa hadi alipofariki 1935. Walikuwa watu wa msafara kama wengine, wakila posho ile ile na kutembea juani kama wengine, isipokuwa walijua kusoma na kuandika.

Livingstone alipofariki kwa Chitambo, wenzake hawakukimbilia mizigo. Walimwita Jacob aandike orodha ya vilivyomo kwenye masanduku, ili pwani pasiwepo mtu wa kuwashuku wizi. Jacob aliandika orodha hiyo ndani ya daftari la marehemu mwenyewe, lile lile ambalo siku chache kabla lilipokea maneno yake ya mwisho, yaliyohusu kutuma watu wakanunue mbuzi wa maziwa. Orodha ni fupi: kofia, saa, dira, vyombo vya kupimia, pesa kidogo sana. Kwangu mimi ukurasa huo ni miongoni mwa hati muhimu kuliko zote za njia ya misafara, na si kwa sababu ya marehemu. Unaonyesha watu waliokuwa mwendo wa miezi mingi kutoka pwani, wasio na Mzungu wa kuwasimamia, wakifanya kazi ya ushahidi kwa makusudi, kwa kuwa walifahamu jinsi neno la mtu mweusi lingepokewa kwenye ofisi za Unguja. Kisha Jacob alichonga jina la Livingstone na tarehe kwenye mti, pamoja na majina ya baadhi ya wenzake. Moyo ulizikwa chini ya mti huo, mwili ukakaushwa, na safari ya zaidi ya kilomita 1,500 ikaanza.

Oktoba 1873, wakiwa Ukonongo, walisikia kwamba Tabora kuna msafara wa Waingereza. Waliamini kwamba Oswell, mtoto wa Livingstone, yumo. Jacob akaandika barua, na Chuma akatangulia nayo. Inaeleza kwa maneno machache kwamba baba yake amefariki ng'ambo ya nchi ya Wabisa, kwamba wanakuja na mwili wake, kwamba baadhi ya wenzao wamepotea au kufa, na kwamba njaa inawalazimisha kuomba nguo za kununulia chakula. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njia ile, kwa hiyo ombi hilo lilikuwa ombi la posho. Oswell hakuwepo. Barua ilimfikia Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, akiwa Kwihara, mgonjwa wa homa na macho. Cameron aliona ni busara mwili uzikwe Unyanyembe, wakakataa. Alifungua masanduku akachukua sehemu kubwa ya vyombo vya kupimia, vile vile vilivyoandikwa kwenye orodha. Hawakuwa na uwezo wa kumzuia, lakini kwa habari ya mwili walishikilia neno lao. Walipofika Kasekera wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao, basi wakatengeneza fungu la bandia, wakalirudisha kana kwamba linakwenda kuzikwa Unyanyembe, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo. Wakafika Bagamoyo Februari 1874.

Nani basi aliamua kuubeba mwili hadi pwani? Wasomaji wengi wamefundishwa kujibu: Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Wamejibu hivyo kwa sababu Susi na Chuma walipelekwa Uingereza mwaka 1874, ingawa mazishi yalikuwa yamekwisha, wakaketi na Waller na kumsimulia. Simulizi lao liliingia kwenye kitabu kilichosomwa kila mahali. Jacob Wainwright, ambaye alisafiri na jeneza na kuwa miongoni mwa waliolishika pale Westminster tarehe 18 Aprili 1874, alikuwa na shajara yake mwenyewe. Ilitoka mwaka huo huo kwa tafsiri ya Kijerumani, katika jarida la jiografia ambalo halikusomwa na watu wa kawaida. Mwandiko wake mwenyewe ulibaki kwenye jumba la kumbukumbu la Livingstone mjini Blantyre, Scotland, mpaka picha zake zilipotolewa kwa umma mwaka 2019. Maelezo ya Carus Farrar yalichapwa 1950 tu, katika Uganda Journal. Kwa hiyo tukio moja lina mashahidi watatu au wanne kutoka ndani ya msafara, na sisi tumemzoea mmoja aliyepitia kinywa cha mchungaji wa Kiingereza. Simlaumu Waller kwa kusikiliza. Lakini kitabu chake kinahitaji mashujaa wawili waaminifu kwa bwana wao, na msafara wenyewe ulihitaji makubaliano ya watu kwa makumi: wapagazi, wanawake, vijana wa Nassick, wakongwe wa safari za awali. Uamuzi wa kukataa ushauri wa Cameron pale Kwihara unaeleweka vizuri zaidi ukiwa uamuzi wa kundi zima, kundi lililokwisha kuandika hesabu yake na kujua litasema nini pwani.

Atakuja mwingine aseme kwamba Wainwright si mpagazi wa kawaida. Alilelewa na wamisionari, aliandika kwa Kiingereza, na katika shajara yake anawatazama watu wa vijijini kwa jicho la darasani. Ni kweli, na msomaji asilisahau. Ila upendeleo wa mwandishi ukijulikana unaweza kupimwa, na usipoandikwa haupimiki kabisa. Tena si vijana wa Nassick peke yao walioandika njia ile kutoka ndani. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliandika maisha yake uzeeni kwa Kiswahili, yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Humo tunaikuta Tabora ya nyumbani: baba yake, Muhammed bin Juma, akiishi Ituru na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira, ndoa iliyofunga biashara na utawala katika nyumba moja. Sulemani bin Mwenye Chande naye alisimulia kwa Kiswahili safari yake ya bara, na Carl Velten akaichapa 1901 katika mkusanyo wa safari za Waswahili. Na huko Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, Adrian Atiman, aliyetekwa utotoni karibu na Timbuktu, akakombolewa na Mapadre Weupe na kusomeshwa utabibu Malta, aliandika maisha yake, yakatoka katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1946, miaka 10 kabla ya kufariki kwake.

Maandishi hayo ya Kiswahili nayo yana tatizo la nakala safi. Tippu Tip aliandika kwa herufi za Kiarabu kwa ombi la Heinrich Brode, na tunachokisoma ni kile Brode alichokigeuza kuwa herufi za Kirumi, halafu W. H. Whiteley akakitafsiri kwa Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtu anayeandika kwa ombi la Mjerumani, katika nchi iliyokwisha kushikwa na Wajerumani, huchagua maneno. Anayakumbuka madeni yake, safari na ushindi wake kwa kina cha ajabu, na mateso ya waliouzwa yanapita kwa haraka. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo kitabu hiki ni cha kujisifu na hakifai kuwa ushahidi. Nakataa. Kukaa kimya kwake juu ya waliouzwa ni ushahidi wa jinsi biashara hiyo ilivyoonekana na aliyeiendesha: hesabu ya mtaji, mkopo na faida. Mwanahistoria akiiweka sauti hiyo karibu na ile ya Atiman, mtoto aliyeuzwa akaishi kuisimulia, hupata pande mbili za biashara ya utumwa, kila upande kwa kinywa chake mwenyewe.

Pingamizi la mwisho ninaloliheshimu kuliko yote linatoka kwa wazee na kwa watafiti wa masimulizi. Wanasema: Unyamwezi ina kumbukumbu yake ya mdomo, na haihitaji kungoja kamera za wataalamu wa ng'ambo. Masimulizi ya ukoo wa Fundikira, ya mtemi Isike aliyejilipua ndani ya boma lake Januari 1893 badala ya kukamatwa na Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani, ya Mirambo na askari wake wa rugaruga, yamehifadhi mambo ambayo hakuna mgeni aliyeyajua. Nakubali kila neno. Ila tumezoea kudhani kwamba karatasi huhifadhi wakubwa na masimulizi huhifadhi wadogo, na katika njia hii mara nyingi ni kinyume. Masimulizi ya ikulu ya mtemi yanawahifadhi watemi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake: kueleza nani alirithi kwa nani na kwa haki gani. Daftari la msafara halina hiari ila kuandika nani amelipwa, nani ametoroka, nani anaumwa ndui, nani amegombana na nani jikoni. Wapagazi walikuwa na nyimbo zao, na nyimbo zilishika mengi, lakini jina la mtu mmoja na deni lake la nguo havikai kwenye wimbo vizazi vitano. Hukaa kwenye orodha. Kwa hiyo sitaki karatasi ichukue nafasi ya mzee. Nataka mzee apewe karatasi aisome, kwani ataona ndani yake makosa ambayo mhariri wa London au Berlin hakuweza kuyaona: majina ya vijiji yaliyoandikwa kama yalivyosikika kwa sikio geni, vyeo vya kitemi vilivyodhaniwa kuwa majina ya watu, maneno ya Kinyamwezi yaliyoachwa bila maana.

Kazi hiyo sasa inawezekana kuliko wakati wowote, kwa sababu picha za shajara ya Jacob na za kurasa za gazeti ziko wazi kwenye intaneti, na mwalimu wa historia Tabora anaweza kuzifungua siku moja na profesa wa Scotland. Kinachokosekana ni kuzifanya zake. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia kuu ya misafara kwenye orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia, ikiwa na vituo 6: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara iliingia kwa ajili ya tembe la Livingstone. Naamini inastahili kuwemo kwa sababu nyingine pia, kwamba ni mahali ambapo barua ya Jacob ilipokewa na ambapo watu wa msafara walimwambia ofisa wa Kiingereza hapana. Nakala ya barua ile na ya orodha ya masanduku zikiwekwa pale kwa Kiswahili, mgeni atajua ni nani walioubeba mwili huo na kwa hesabu gani. Na orodha ya vituo isiishie hapo. Jacob Wainwright hakubaki Uingereza. Alirudi Afrika Mashariki, akafanya kazi na misheni, na mwaka 1892 alifia Urambo, katika nchi ya Mirambo, magharibi mwa Tabora, karibu miaka 20 tangu apite Unyanyembe na mzigo ule. Shajara yake inasomwa leo kama sehemu ya maisha ya Livingstone, na makala zinazoihusu huanza kwa Chitambo na kuishia Westminster. Historia ya Unyamwezi ikiandikwa na watu wake, itaweza kuanza kumsoma Agosti 1872, alipoingia Kwihara na vijana wenzake wa Nassick, na kumfuata hadi Urambo.